Haji Mohsin wa Bengal: Wakfu ulioliwa kabla ya kusomesha

MWAKA jana mwanafunzi wangu mmoja wa somo la Maarifa ya Uislamu alimaliza kidato cha sita, akapata nafasi ya chuo kikuu, akakosa ada. Tukahangaika naye huku na kule. Mtaani petu ipo nyumba ya wakfu yenye milango minne ya maduka, na kodi hulipwa kila mwezi bila kukosa. Nilipouliza kodi ile inakwenda wapi, nikajibiwa kuwa mambo ya wakfu si ya kila mtu. Kijana akarudi kwao. Mimi nikarudi kwenye vitabu, na humo nikakutana tena na Haji Muhammad Mohsin, mtu niliyemsoma juu juu tu nilipokuwa chuoni.

Haji Mohsin alizaliwa mwaka 1732 katika mji wa Hooghly, kaskazini ya Calcutta, katika nchi ya Bengal. Ndugu msomaji, mali iliyompa jina haikutoka kwa baba yake. Mama yake, Zainab, kabla ya kuolewa na baba yake Mohsin, Haji Faizullah, alikuwa mke wa tajiri mmoja aliyeitwa Agha Motahar. Katika ndoa ile alizaliwa binti, Mannujan. Agha Motahar alipofariki, mashamba yake makubwa, hasa yale ya Syedpur upande wa Jessore, yakabaki kwa binti huyo. Kwa hiyo Mannujan na Mohsin walikuwa ndugu wa mama mmoja. Walilelewa pamoja, na mwalimu wao alikuwa Mwajemi. Mohsin akatoka hapo na Kiarabu na Kiajemi, akajifunza na muziki, na khati yake ikawa nzuri kiasi kwamba akinakili Qur'an kwa mkono wake mwenyewe.

Dada akaolewa, kaka akashika njia. Alihiji, akazunguka Uajemi, Iraq, Uturuki na Misri kwa miaka mingi. Hakuoa. Huku nyuma Mannujan alifiwa na mumewe, hakuwa na mtoto, akayasimamia mashamba mwenyewe. Hapa nasimama kidogo, maana wanaomsifu Haji Mohsin humpita mwanamke huyu kama hawakumuona. Mali ile ilikuwa yake, na kama angeitapanya, leo nisingekuwa na cha kuandika. Alifariki mwaka 1803, akawa amemwachia mdogo wake kila kitu.

Mohsin alikuwa na zaidi ya miaka sabini, hana mke wala mtoto. Mwaka 1806 akaandika hati ya wakfu. Mapato yaligawanywa mafungu tisa: matatu kwa ajili ya ibada, maadhimisho ya Muharram na matengenezo ya Imambara ya Hooghly, manne kwa ajili ya mishahara na posho za watu wanaotegemea wakfu, na mawili kwa mutawalli wawili, yaani wasimamizi aliowateua mwenyewe. Alifariki mwaka 1812.

Najua kuna msomaji ameshakunja uso alipoona Muharram na Imambara. Ndiyo, Haji Mohsin alikuwa Shia. Lakini Waislamu waliokuja kusomeshwa na mali yake wengi wao walikuwa Masunni wa Bengal, na sijasoma popote kwamba waliikataa ada kwa sababu hiyo.

Sasa tuje kwenye wasimamizi. Miaka michache tu baada ya mzee kuzikwa, hesabu zilikuwa zimeharibika na mali ya wakfu ilikuwa inaingia mifukoni. Fungu lao halali, mafungu mawili katika tisa, halikuwatosha. Serikali ya Kampuni ya Waingereza ikapata sababu ya kuingilia, ikawaondoa, na wakfu wa Kiislamu ukawa mikononi mwa wasiokuwa Waislamu. Nani aliwafungulia mlango? Kesi ikaenda mpaka Baraza la Wafalme kule London, ikachukua miaka, na haikwisha mpaka katikati ya miaka ya 1830. Muda wote huo fedha zilikuwa zinalimbikizana, mpaka zikapita rupia laki nane.

Kwa limbikizo hilo serikali ikafungua Chuo cha Hooghly mwaka 1836. Wanafunzi walimiminika, zaidi ya elfu moja katika idara ya Kiingereza peke yake, na kati yao Waislamu walikuwa thelathini na kidogo. Chuo kilikuwa kizuri. Bankim Chandra Chattopadhyay, mwandishi mkubwa wa riwaya za Kibengali, alisoma hapo, na simuonei choyo yeye wala Wahindu wenzake. Na tuseme kweli, Waislamu wengi wa wakati ule walikuwa wanaikwepa elimu ya Kiingereza wenyewe. Lakini walikuwepo pia waliotaka kusoma na hawana ada, huku mali ya Mwislamu mwenzao ikiwasomesha wengine.

Jambo hili lilichukua zaidi ya miaka thelathini kurekebishwa. Nawab Abdul Latif wa Calcutta alilisemea bila kuchoka. Mwaka 1871 Mwingereza W. W. Hunter, ofisa wa serikali hiyo hiyo, akaliandika waziwazi katika kitabu chake juu ya Waislamu wa India. Mwaka 1873 serikali ikakubali kukigharimia chuo kwa fedha yake, na fedha za Mohsin zikaelekezwa kwenye madrasa za Dhaka, Chittagong na Rajshahi, pamoja na kulipia sehemu kubwa ya ada za wanafunzi wa Kiislamu katika shule za serikali.

Katika hati ya mwaka 1806 shule haikuwa na fungu lake. Sifa ya elimu aliyonayo Haji Mohsin leo imetokana na ile ziada, baada ya watu kuidai irudi kwa wenyewe.

Mmoja wa vijana wa Kiislamu waliopita Hooghly ni Syed Ameer Ali. Mwaka 1909 akawa Mhindi wa kwanza kukaa kama jaji katika Baraza lile lile la London lililomaliza kesi ya Mohsin, ambalo hata rufaa za wakfu za Mombasa ziliwahi kufika kwake. Chuo siku hizi kinaitwa Hooghly Mohsin College, na Chuo Kikuu cha Dhaka kina bweni lenye jina la Haji Mohsin. Mutawalli wale wawili hawana hata kibao.

Mwanafunzi wangu sasa anauza vocha na kava za simu karibu na kituo cha daladala. Wiki iliyopita nilimpitia, tukaenda wote kwenye ile nyumba. Safari hii sikuuliza habari ya kodi. Niliomba kuonyeshwa hati, nisome aliyeweka wakfu aliandika nini. Mzee aliyekuwa barazani alitutazama kwa muda, halafu akatuambia turudi Ijumaa baada ya swala, na kijana aje pia.