James Watt na Joto Lililopotea

Umekwisha kuona maji yakichemka katika sufuria. Mvuke hupanda, hugusa kifuniko, na kugeuka tena kuwa matone ya maji. Ukikishika kifuniko hicho bila kitambaa utaungua. Joto linalokuunguza lilitoka katika kuni au mkaa, nalo halikuivisha chakula chochote.

Katika kiwanda cha bia mjini Arusha, na katika viwanda vingi vinavyotumia mvuke, jambo hilo hilo hutokea kwa kiasi kikubwa zaidi. Maji huchemshwa katika boila, yaani tangi kubwa la chuma lililofungwa. Mvuke husafiri ndani ya mabomba marefu, na njiani hupoteza sehemu ya joto lake. Kuna wahandisi ambao kazi yao ni kulitafuta joto hilo. Mmoja wa watu wa kwanza kuifanya kazi hiyo kwa vipimo alikuwa fundi aliyeitwa James Watt.

Watt alizaliwa tarehe 19 Januari 1736 katika mji wa bandari wa Greenock, nchini Uskoti. Baba yake alikuwa fundi wa meli na mfanyabiashara. Baadhi ya bidhaa za biashara hiyo zilitokana na jasho la Waafrika waliofanywa watumwa ng'ambo ya Bahari ya Atlantiki, na si vema kulificha jambo hilo. Mtoto James alikuwa dhaifu wa mwili na aliumwa kichwa mara kwa mara, hata ikabidi afundishwe nyumbani kwa muda mrefu. Alipenda hesabu, na alipenda kuchezea zana za baba yake.

Labda umesikia kwamba Watt alibuni injini ya mvuke kwa kutazama birika la chai. Usisadiki. Injini ya mvuke ilijengwa na Mwingereza Thomas Newcomen mwaka 1712, kabla Watt hajazaliwa. Ilitumika kuvuta maji kutoka migodini.

Mwaka 1755 Watt alikwenda London kujifunza ufundi wa kutengeneza vyombo vya kupimia. Mafunzo hayo kwa desturi yalichukua miaka saba. Yeye aliyamaliza kwa mwaka mmoja, akifanya kazi mchana na usiku mpaka afya yake ikaharibika. Aliporudi Uskoti, Chuo Kikuu cha Glasgow kilimpa chumba cha kazi. Hapo alipata rafiki, mwalimu Joseph Black, ambaye alikuwa akichunguza tabia za joto.

Katika majira ya baridi ya mwaka 1763 Watt alipewa kazi ndogo. Chuo kilikuwa na mfano mdogo wa injini ya Newcomen wa kufundishia, nao ulikuwa mbovu. Aliutengeneza, akawasha moto. Injini ilikwenda mara chache tu, ikasimama kwa kukosa mvuke. Fundi mwingine angeongeza moto. Watt alitaka kujua mvuke umekwenda wapi.

Ili uelewe, fikiri jinsi injini ile ilivyofanya kazi. Mvuke uliingia katika silinda, chini ya pistoni. Kisha maji baridi yalinyunyizwa ndani, mvuke ukawa maji, na nafasi ikabaki karibu tupu. Hapo hewa ya nje, ambayo ina uzito, iliisukuma pistoni chini. (Arusha iko mita 1,400 hivi juu ya usawa wa bahari, na hewa yake ni nyepesi kuliko ya Tanga, kwa hiyo injini ya namna hiyo ingekuwa na nguvu pungufu huko. Ni kwa sababu hiyo pia maji huchemka Arusha kwenye nyuzijoto 95 hivi za Selsiasi, na kwenye kilele cha Mlima Meru, mita 4,566, kwenye nyuzijoto 85 hivi.)

Watt alipima maji, akapima mvuke, akapima makaa. Aligundua kwamba maji baridi yalipoza silinda yote kila safari. Mvuke uliofuata ulilazimika kwanza kuipasha silinda moto upya, na karibu robo tatu yake iliishia hapo. Aliona pia kwamba mvuke kidogo uliweza kuchemsha maji yenye uzito mara sita kuliko wake. Black ndiye aliyemweleza sababu: mvuke hubeba joto jingi lililofichika, nao huliachia unapogeuka maji.

Jawabu lilimjia Jumapili moja ya Mei 1765, alipokuwa akitembea katika uwanja wa Glasgow. Mvuke upelekwe kupozwa katika chombo cha pembeni, ili silinda yenyewe ibaki moto daima. Aliizungushia silinda mvuke, na nje akaifunika isipoe.

Kulipata wazo kulikuwa rahisi kuliko kulitekeleza. Hakukuwa na mafundi wa kuchonga silinda iliyo mviringo kamili, na mvuke ulivuja. Watt aliingia katika madeni, akaacha injini ili apime njia za mifereji apate riziki. Mwaka 1773 mshirika wake alifilisika, na mwaka huo huo mke wake Margaret alifariki. Alihamia Birmingham, akaungana na Matthew Boulton, mwenye kiwanda. John Wilkinson akawachongea silinda nzuri, na mwaka 1776 injini za kwanza zikaanza kazi.

Zilitumia karibu robo tu ya makaa yaliyotumiwa na zile za Newcomen. Migodi ya Cornwall, ambayo makaa yake yaliletwa kwa meli, ilizihitaji sana. Wenye migodi walilipa theluthi ya thamani ya makaa waliyookoa kila mwaka. Ili pasiwe na ubishi, Watt aliweka kwenye injini kihesabio ndani ya kisanduku kilichofungwa kwa kufuli. Ubishi ulikuwapo hata hivyo, na kesi zikafika mahakamani. Watt alistaafu mwaka 1800, akafariki tarehe 25 Agosti 1819. Wati, kipimo kinachoandikwa kwenye balbu ya taa, kimepewa jina lake.

Chuo cha Ufundi Arusha kilianzishwa mwaka 1978 kufundisha mafundi sanifu wa mitambo na umeme. Fundi wa boila hufunika mabomba, huziba mivujo, na kurudisha maji ya moto katika boila badala ya kuyamwaga. Hupima joto la moshi unaotoka katika dohani, kwa maana moshi wa moto mno umeondoka na joto la kiwanda. Huondoa pia ukoko mweupe ndani ya boila, kama ule unaouona ndani ya birika, kwa sababu huzuia joto kufika kwenye maji.

Jaribio: Chukua makopo mawili yaliyo sawa, yenye vifuniko. Mwalimu atie ndani yake maji ya moto ya kiasi kimoja. Lifunike kopo moja pande zote kwa majani makavu ya mgomba, na jingine uliache wazi. Pima nyuzijoto kila baada ya dakika 10, kwa muda wa nusu saa. Andika katika daftari lako nyuzijoto za kila kopo, na ueleze joto lililopungua limekwenda wapi.