Dk. Sabin na siri ya matone ya polio

Hapa Mabatini akina mama huniuliza: chanjo nyingi ni sindano, mbona ya polio ni matone mdomoni? Yanafanya kazi kweli? Jibu limo katika maisha ya Dk. Albert Sabin.

Alizaliwa mwaka 1906 mjini Białystok, ambao leo uko Poland. Mwaka 1921 familia yake ilihamia Marekani. Alianza kusomea udaktari wa meno, akaacha, akahitimu udaktari wa binadamu mwaka 1931, wakati New York ikiwa na mlipuko wa polio.

Enzi hizo wataalamu wengi waliamini virusi vya polio huingilia puani. Sabin alichunguza miili ya waliofariki kwa ugonjwa huo. Puani hakuvikuta, bali katika njia ya chakula. Kumbe polio huingia kwa mdomo, kupitia maji na mikono yenye uchafu wa choo, huzaliana utumboni, na kwa baadhi ya watoto hufika kwenye mishipa ya fahamu na kuwapooza.

Akaona kwamba kama mlango ni mdomo, mlinzi naye apite hapohapo. Alidhoofisha virusi hivyo, ambavyo kwa asili huhimili asidi ya tumbo, akavinywa kwanza yeye na familia yake. Mwaka 1959 mamilioni ya watoto wa Muungano wa Kisovieti walipewa. Hakudai hakimiliki ya chanjo hiyo. Alifariki mwaka 1993.

Chanjo nyingi haziwezi kupita njia hiyo kwa sababu asidi huziharibu. Watafiti sasa wanajaribu kuzifungia ndani ya chembe ndogo mno zinazovunjika zenyewe mwilini.

Mzazi, matone hutolewa mtoto anapozaliwa, kisha wiki ya 6, 10 na 14. Wiki ya 14 kuna pia sindano ya polio. Usiikatae: matone hulinda utumbo, sindano huzuia kupooza. Mtoto akitapika mara tu baada ya matone, mwambie muuguzi.

Mwaka 2023 mtoto mkoani Rukwa alithibitika kuwa na polio. Ilikuwa ile aina inayozuka virusi vya chanjo vinapozunguka muda mrefu miongoni mwa watoto wasiochanjwa. Dawa yake ni kila mtoto kuchanjwa. Leo jioni fungua kadi ya kliniki ya mwanao. Ukiona dozi imerukwa, mpeleke kliniki, hujachelewa.