Mambéty: Alifukuzwa jukwaani, akashika kamera

Huenda uliiona ile picha mwaka 2018. Beyoncé na Jay-Z wamepanda pikipiki iliyofungwa fuvu la ng'ombe na pembe zake mbele, wakitangaza ziara yao. Mitandaoni ikavuma. Basi ujue wazo hilo halikutoka Marekani. Pikipiki kama hiyo ilikata mitaa ya Dakar, Senegal, miaka 45 kabla, kwenye filamu ya kijana mmoja aliyeitwa Djibril Diop Mambéty.

Mambéty alizaliwa 1945 Colobane, karibu na Dakar, mtoto wa imamu. Filamu hakusomea popote. Alianza kwa kuigiza katika Ukumbi wa Kitaifa wa Daniel Sorano, lakini wakamtimua kwa utovu wa nidhamu. Wewe ukifukuzwa hivyo leo, nyumbani wajomba wataitwa kikao. Yeye alitafuta kamera.

Na zilikuwa nyakati za moto. Ng'ambo vijana walikuwa wakifuga nywele na kupinga vita vya Vietnam. Dakar nako, Mei 1968, wanafunzi wa chuo kikuu waligoma hadi serikali ya Rais Léopold Sédar Senghor ikatuma vikosi chuoni na kukifunga. Mambéty akaanza na filamu fupi. Moja ilicheka majengo ya Kifaransa yaliyojazana jijini; nyingine, Badou Boy ya 1970, ilimfuata kijana mtundu anayekimbizwa na polisi mnene mtaa kwa mtaa.

Kisha 1973, akiwa na miaka 28 na bajeti ya takriban dola 30,000, akatoa Touki Bouki. Kwa Kiwolof ni Safari ya Fisi. Na fisi kule, kama hapa kwetu, si jina la kumpa mtu unayemheshimu.

Hadithi yenyewe utaielewa haraka. Mory ni mchunga ng'ombe mwenye ile pikipiki. Anta ni mwanafunzi wa chuo, nywele fupi, anavaa kama mvulana na hajali majirani wanasema nini. Wote wanataka kitu kimoja: majuu. Paris. Nauli hawana, kwa hivyo wanaiba. Wanabeba sanduku kutoka uwanja wa mieleka, kumbe ndani kuna fuvu! Halafu wanamwibia tajiri mmoja nguo na pesa, na kuondoka na gari lake lililopakwa rangi za bendera ya Marekani.

Kilichowasumbua watu si wizi tu. Filamu za Kiafrika wakati huo, hasa za mkongwe Ousmane Sembène, zilisimulia kwa mpangilio na kuacha funzo. Mambéty alikatakata hadithi: ng'ombe anachinjwa, mara bahari, mara mapenzi ya wazi, mara wimbo wa Josephine Baker kuhusu Paris unarudiwa hadi unakukera. Hakuna mzee anayekuja kuwakanya hawa wawili. Wala majuu hayasifiwi. Bandarini, Mory anageuka na kukimbia kurudi mjini. Anta anapanda meli peke yake. Nani kafanya vyema? Filamu haikwambii, na nadhani huo ndio ukaidi wake mkubwa kuliko yote.

Ilionyeshwa Cannes mwaka huohuo. Ungedhani milango ilifunguka. Wapi! Mambéty alikaa miaka 19 kabla ya kutoa filamu nyingine ndefu. Hyènes ya 1992, kutoka tamthilia ya Mswisi Friedrich Dürrenmatt, inamrudisha Colobane mwanamke tajiri anayeahidi mji mzima pesa iwapo watamuua mwanamume aliyemruka akiwa na mimba. Wenyeji wanakataa katakata, huku wakianza kununua viatu vipya kwa mkopo. Ukitaka kuanza na filamu yake moja, mimi ningekupa hii.

Alifariki Julai 1998 kwa saratani ya mapafu, akiwa na miaka 53. Na alifia Paris.

Baadaye mpwa wake, Mati Diop, alienda Dakar kumtafuta Magaye Niang, yule aliyeigiza Mory, akamtengenezea filamu iliyotoka 2013. Alimkuta bado yuko jijini, mzee sasa, akiswaga ng'ombe.