David Horrobin: daktari aliyechunguza ugonjwa wa akili kupitia mafuta ya damu

David Horrobin alizaliwa Uingereza mwaka 1939 na kusomea udaktari Oxford. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 alikuwa profesa Chuo Kikuu cha Nairobi, akifundisha jinsi mwili unavyofanya kazi. Baadaye alihamia Newcastle, kisha Montreal, Kanada.

Kwa miaka mingi alichunguza skizofrenia, ugonjwa unaoweza kumfanya mtu asikie sauti ambazo wengine hawazisikii, au aamini kwamba anawindwa. Katikati ya karne ya 20, baadhi ya wataalamu wa Marekani na Ulaya walidai kwamba chanzo ni malezi ya mama. Horrobin alitafuta chanzo ndani ya mwili.

Alichogundua kwenye damu

Kila seli imezungukwa na utando mwembamba wenye mafuta. Horrobin alifikiri kwamba mafuta fulani yakipungua kwenye utando huo, mawasiliano kati ya seli za ubongo huvurugika. Si rahisi kuchukua kipande cha ubongo wa mtu aliye hai, hivyo yeye na wenzake walipima chembe nyekundu za damu, kwani nazo zina utando wa mafuta. Katika miaka ya 1990 waliripoti kwamba baadhi ya wagonjwa walikuwa na upungufu wa mafuta hayo, yakiwemo ya omega-3 yanayopatikana kwenye samaki.

Horrobin pia alianzisha kampuni iliyotengeneza dawa kwa mafuta ya mbegu za maua. Mwaka 2002 dawa mbili za aina hiyo, ya ukurutu na ya maumivu ya matiti, zilinyang'anywa kibali Uingereza kwa kukosa ushahidi kwamba zinasaidia. Alifariki mwaka 2003 kwa saratani, akiwa na miaka 63. Majaribio ya omega-3 kwa wagonjwa wa skizofrenia yametoa majibu yanayopingana.

Mama na mlezi, zingatia haya

- Malezi yako hayakumletea mwanao skizofrenia.
- Dagaa na samaki ni chakula kizuri kwake, lakini si badala ya dawa.
- Ukiuziwa vidonge vya mafuta na kuambiwa aache dawa za kliniki, kataa. Akiacha ghafla, ugonjwa unaweza kurudi kwa nguvu.
- Skizofrenia haitambuliwi kwa kupima mafuta ya damu. Ukiona dalili, mpeleke kituo cha afya mapema.
- Dawa zikimsumbua, mwambie mhudumu wa afya ili zibadilishwe au kipimo kirekebishwe.