Lever, mzungu wa sabuni aliyeanzisha Lokutu

Mtu akishuka na mto kutoka Kisangani, upande wa Basoko, anakuta Lokutu na mashamba yake makubwa ya mawese. Zamani paliitwa Elisabetha, jina la malkia wa Ubelgiji. Kompanyi iliyopaanzisha ilikuwa ya Mwingereza mmoja, William Lever.

Lever alizaliwa Bolton mwaka 1851, baba yake akiwa mwenye duka. Mwaka 1885 yeye na ndugu yake James walianza kupika sabuni ya Sunlight. Sabuni nyingi za wakati ule zilitokana na mafuta ya wanyama. Yeye akatumia zaidi mafuta ya mimea. Ndiyo maana alitafuta ngazi.

Tarehe 14 Aprili 1911 alipatana na Ubelgiji, na Huileries du Congo Belge ikazaliwa. Alipewa haki ya kuchagua hadi hekta 750,000 katika sehemu tano za Kongo. Moja kati yake, ya Barumbu, penye Elisabetha, leo iko Tshopo.

Lever alikuwa mtu wa hesabu, hakupenda kitu kitupwe. Nyama ya ngazi inatoa mawese. Kokwa ikivunjwa, ile mbegu ya ndani inatoa mafuta mengine yanayofanya sabuni itoe povu, na makapi yake ni chakula cha ng'ombe. Nyuzi na maganda yanawasha moto wa boila. Hata maji yanayobaki kisha kupika sabuni yanatoa gliserini, ambayo wakati wa vita ya 1914-1918 ilitengenezwa baruti za mabomu.

Lakini kuna hesabu nyingine. Patano liliahidi shule na hospitali, na kadhaa zilijengwa. Hata hivyo, wakataji wengi wa ngazi walipelekwa kazini kwa nguvu, serkali ya koloni ikisaidia, kwa malipo madogo sana. Mwanahistoria Mbelgiji Jules Marchal aliandika kitabu kizima juu ya kazi hiyo ya lazima. Mwaka 1931 Wapende wa Kwilu, jirani na Leverville, waliasi, na mamia waliuawa.

Lever hakuona uasi huo. Alikuwa ametembelea Kongo mara mbili, na alikufa tarehe 7 Mei 1925, miezi michache kisha safari ya pili. Kompanyi yake ikawa Unilever.

Kule kiwandani hata ganda la ngazi lilikuwa na kazi na bei yake. Jasho la mtu aliyepanda mti kuikata ndilo lililohesabiwa kidogo kuliko vyote.