Padre Angelo Secchi, Msomaji wa Nyota

Usiku wa Januari, tukiwa Kilindoni, Mafia, twaiona Betelgeuse, nyota nyekundu kubwa mno iliyokaribia mwisho wa maisha yake. Aliyeipatia kundi lake ni kasisi Mjesuiti, Angelo Secchi, aliyezaliwa Reggio Emilia, Italia, mwaka 1818.

Juu ya Kanisa la Mtakatifu Ignasi, Roma, aliichambua nuru ya nyota zipatazo 4,000 kwa kioo kinachoitandaza kama upinde wa mvua. Betelgeuse akaiweka kundi la tatu. Mwaka 1868 akatambua la nne, nyota adimu zenye kaboni.

Italia ilipoitwaa Roma mwaka 1870, alibaki mwaminifu kwa Papa na kwa darubini yake hadi kufa, 1878.

Tunapowasomesha watoto wetu sayansi, hatuwatengi na Muumba.