Toussaint Louverture na Mizani ya Busara

Fikira humwonyesha mtu jambo lisilokuwapo bado, na tamaa ya makuu humsukuma kulifikia. Lakini zote mbili zataka busara ya kuzipima. Twaona yafaa leo tuyatazame maisha ya Toussaint Louverture.

Alizaliwa mtumwa katika shamba la Bréda, koloni la Wafaransa la Saint-Domingue, ambalo sasa ni Haiti. Alitunza mifugo, akaendesha gari la farasi, akajifunza kusoma. Watumwa wa kaskazini walipoasi mwaka 1791, yeye alikwisha kuachwa huru, na umri wake ulikaribia miaka 50. Angaliweza kukaa kimya. Lakini aliona kwamba wakata miwa waweza kuwa jeshi, akawafundisha vita.

Busara yake nayo haikuwa haba. Kwanza alipigana upande wa Wahispania. Ufaransa ilipofuta utumwa mwaka 1794, akahamia upande wake. Waingereza waliokuja kuiteka nchi waliondoka mwaka 1798 wameshindwa.

Hapo ndipo mizani ilipoanza kuinama. Katiba ya mwaka 1801 ilimfanya gavana wa maisha. Alitaka sukari na kahawa ziuzwe ng'ambo ili apate fedha za silaha, na shabaha hiyo haikuwa mbaya. Lakini aliwaamuru watu waliokombolewa warudi mashambani chini ya usimamizi wa askari. Wafanyakazi walipoasi Oktoba mwaka huohuo, aliwapiga, na jenerali Moïse, mpwa wake waliyempenda, akauawa kwa risasi.

Jeshi la Bonaparte lilipofika mwaka 1802, wengi hawakujua tena wampiganie nani. Majenerali wake wakamwacha mmoja mmoja. Mwezi Mei alifanya sulhu. Juni alikamatwa kwa hila, akapelekwa Ufaransa, na tarehe 7 Aprili 1803 akafa katika ngome ya Fort de Joux yenye baridi kali. Lakini watu wale wale aliowatia chini ya bakora, walipotambua kwamba utumwa unarudishwa, waliendelea na vita, na tarehe 1 Januari 1804 nchi yao ikawa huru.

Hatumnyimi heshima yake. Tamaa ya makuu si dhambi. Bila hiyo angalikufa mwendesha farasi. Kosa lake ni kwamba aliyaona mbali ya mbele, asiwaone waliokuwa karibu naye. Aliwaamuru wenzake pale ilipompasa kuwaeleza, na kuwauliza. Kidole kimoja hakivunji chawa, hata kikiwa cha shujaa.